Hawaji kula, waja kunywa

Usiku wa kuamkia siku ya posa ya mdogo wangu, mama alipiga deki mara tatu. Alianzia jikoni, akaja ukumbini, akarudi tena jikoni, ndoo baada ya ndoo, maji ya sabuni yaliyotiwa dawa kali hata macho yakatuwasha. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imebabuka. Nikamwambia, "Mama, pumzika, pameshatakata." Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, hao waja kutazama nyumba, si msichana peke yake."

Wageni walifika baada ya alasiri. Kahawa ikamiminwa, halua ikakatwa. Na mende mmoja, mkubwa, mwekundu kama tende, akatoka nyuma ya pazia, akaruka, akatua juu ya buibui la shangazi yake bwana harusi. Hakuna aliyepiga ukelele. Yule mama alimkung'uta kwa ncha ya kidole akaendelea na mazungumzo yake, na Mungu amlipe kwa staha ile. Posa ikakubaliwa, harusi ikapita. Lakini mimi nilikuwa nikimtazama mama, na usiku ule mama hakula. Siku ya pili akaja shangazi yetu wenyewe, wa damu, akatoa hukumu mlangoni hata kabla hajavua viatu: "Nyumba yenye mende haina mwanamke."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya maneno hayo. Aliambiwa mama asiyelala mpaka sinki ing'ae, na najua yanasemwa katika nyumba nyingi za mji huu wa Mombasa, kwa wanawake wanaosugua mpaka mikono itoke damu. Si kweli. Imenichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwa nini si kweli, na nikielewa, niliona pia kwamba zile ndoo tatu za usiku ndizo zilizokuwa zikiwanywesha mende.

Jina lenyewe hutupoteza. Wazee humwita kombamwiko, yule anayekomba mwiko, nasi tukaamini kwamba anachokifuata ni makombo. Makombo anayapenda, sikatai. Lakini hula pia gundi ya bahasha, sabuni ya mche, karatasi, nywele zilizoanguka. Kiumbe wa namna hiyo huwezi kumfukuza kwa njaa. Wale mende wadogo wa jikoni wakinyimwa chakula lakini wakapata maji, jike huweza kuishi wiki 6. Wakinyimwa vyote viwili hawafikishi wiki 2. Na jambo lililonishangaza kuliko yote: ukiwapa chakula kikavu tele bila tone la maji, hufa karibu kwa kasi ile ile, kama kwamba chakula hakikuwepo. Wale wakubwa ni wagumu zaidi, huvumilia kama siku 40 bila maji wala chakula, na miezi mitatu wakiwa na maji peke yake.

Sababu iko katika mwili wao. Mende hapumui kwa pua. Ana matundu madogo ubavuni, na kila anapoyafungua kuvuta hewa, maji ya mwilini hutoka. Ngozi yake imepakwa utando mwembamba wa nta kuzuia asikauke. Kwa hiyo hukaa akitafuta pahali penye joto, giza na unyevu, ambapo hewa yenyewe humsaidia kutunza maji yake. Basi fikiria Mombasa. Kuanzia Disemba mpaka Machi, kaskazi ikivuma, shuka huanikwa jioni na asubuhi bado zina ubaridi wa maji. Chumvi ya mezani hugeuka tope. Masika yakiingia Aprili na Mei, viatu vya ngozi huota ukungu kabatini. Tumejenga mji mahali ambapo mende angechagua mwenyewe kama angeulizwa.

Yafaa kuwatenganisha, maana tunawaita wote mende na kuwapiga vita kwa njia moja. Aliyeruka kwenye posa ni yule mkubwa, wa sentimita 4 hivi, mwekundu unaong'aa. Makao yake si jikoni mwako. Yuko kwenye shimo la choo, kwenye mtaro, chini ya mifuniko ya saruji uani. Huingia usiku kutembea, na mvua kubwa ikijaza mashimo huingia kwa makundi. Mdogo ndiye mwenyeji. Ana sentimita moja na nusu, rangi ya chai ya maziwa, na mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyo huzaliwa ndani, huzeeka ndani. Jike hubeba kifuko chake cha mayai, 30 mpaka 40 kwa kifuko kimoja, nyuma ya mwili mpaka yanapokaribia kuanguliwa, na katika miezi miwili hivi watoto wale nao ni wazazi.

Vitabu vya sayansi humwita yule mkubwa mende wa Marekani na yule mdogo mende wa Ujerumani. Wa Marekani asili yake ni Afrika. Alivushwa bahari ndani ya merikebu, zikiwemo zilizobeba watu watumwa, na jina akapewa mwaka 1758 kule alikookotwa. Yule wa Ujerumani naye, wachunguzi waliosoma jeni zake walitangaza mwaka 2024 kwamba alitokana na mende wa Asia, kama miaka 2,100 iliyopita. Nayataja haya kwa kuwa sisi ni watu wa bandari, na inaonekana kila mtu amemwekea mende jina la nyumba ya jirani.

Kabla sijayajua haya tulijaribu kila dawa inayopita mtaani. Kwetu Tudor hupita kijana na kipaza sauti, sauti moja iliyorekodiwa kutwa nzima: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Kwake nilinunua ile chaki. Unachora mstari mlangoni, mende akiukanyaga hufa. Siku ya tatu nilimkuta mtoto wa dada yangu, wa miaka minne, amechuchumaa ukumbini akichora samaki sakafuni kwa chaki ile ile, na vidole vyake vimekuwa vyeupe. Nilimwosha mikono mpaka akalia. Ile ni sumu iliyoumbwa kwa umbo la kitu ambacho mtoto amefundishwa kukishika, na pakiti yake haikuwa na maelezo hata ya mstari mmoja. Dawa halali ya wadudu Kenya husajiliwa na bodi ya serikali, PCPB, na namba ya usajili huandikwa kwenye kibandiko. Pasipo namba, irudishe.

Baadaye tukamwita mtu wa pampu. Alipuliza nyumba nzima kwa dakika 20, akachukua pesa zake, akaenda. Usiku huo mama alikaa kitako dirishani mpaka alfajiri. Mama ana pumu tangu utotoni, na kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wenye kutu. Mende walitoweka wiki moja. Kisha wakarudi, na safari hii tukawaona hata chumba cha kulala, ambako hawakuwahi kufika. Sasa najua kwa nini. Dawa nyingi za kupuliza huwachukiza mende kabla hazijawaua, wakatawanyika na kuingia nyufa mpya. Mayai ndani ya kifuko hayadhuriki sana. Na hawa wadogo wameshazoea sumu nyingi, kizazi baada ya kizazi. Waliokufa kwa hakika ni mijusi kafiri wetu wawili wa ukutani, ambao kila usiku walikuwa wakila mende wetu bure.

Na daktari alituambia jambo jingine. Mende mwenyewe humdhuru mtu wa pumu. Kinyesi chake, mate yake na magamba anayojivua hukauka yakawa vumbi, na vumbi hilo likiingia kifuani huamsha pumu. Kwa hiyo hatukuwa na hiari ya kuwavumilia, wala hatukuwa na hiari ya kuwapulizia.

Hapo ndipo nikaanza upya, kwa chupa za jemu. Nilikusanya chupa sita, nikapaka mafuta ya mgando ndani ya mdomo wa kila moja ili akiingia asiweze kupanda kutoka, nikaweka kipande cha mkate kilicholowa, nikazungushia karatasi nje apate pa kukwea. Nikaziweka kabla ya kulala: kabati la vyakula, pipa la taka, chini ya sinki, nyuma ya friji, bafuni, na mlango wa ukumbi. Asubuhi nikahesabu. Ukumbini hakuna. Kabati la vyakula, penye mchele na unga na sukari, mmoja. Pipa la taka, 3. Bafuni 4, wote wale wakubwa. Chini ya sinki, 11. Nyuma ya friji, 27.

Nilizipanga zile chupa mezani nikamwita mama aje aone. Alizitazama kwa muda mrefu. Kabati la chakula mmoja, penye maji ya jikoni, sinki na friji, 38.

Friji nililielewa siku fundi alipokuja kulivuta. Alichomoa waya kwanza, akaligeuza, akafungua kifuniko cha chini, na akanionyesha kitu ambacho katika miaka 9 ya kuishi nalo sikujua kipo: trei ndogo ya plastiki juu ya kompresa. Barafu ya ndani ikiyeyuka, maji hushuka kwa mpira mpaka kwenye trei hiyo, na joto la kompresa huyageuza mvuke. Maji vuguvugu, giza, hakuna mkono unaofika. Pembe za trei zilikuwa na vitone vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Palikuwa na magamba mengi, mepesi, yanayopitisha mwanga kama ganda la kitunguu, kila moja na miguu yake kamili. Vifuko vya mayai vilikuwa vimelala kwenye mfereji wa raba, rangi ya maharagwe. Na walio hai walikuwa wamebanana kwenye ukingo wa maji, vichwa vimeelekea ndani, wanatikisa papasi zao za kichwani polepole. Walikuwa wakinywa.

Niliona haya mbele ya fundi, nikaanza kueleza kwamba sisi si watu wachafu. Akanikatiza: "Dada, kila friji nifunguayo Mombasa ni hivi. La tajiri, la maskini. Usione haya." Nilitaka mama asikie, nikamwomba alirudie neno lile kwa sauti. Akalirudia.

Kuanzia hapo tukaacha kupigana na mende, tukapigana na maji. Deki tulihamishia asubuhi, baada ya chai, madirisha wazi, upepo ukaushe sakafu kabla ya adhuhuri. Kabla ya kulala sinki hufutwa kwa kitambaa kikavu, si kusuuzwa tu. Tone lililobaki kwenye tundu lamtosha mende usiku kucha. Tambara la deki, ambalo siku zote lilikuwa likilala limekunjwa chini ya sinki likiwa limelowa, sasa huanikwa kambani nje. Sufuria ya ukoko ndiyo iliyoleta mabishano. Nani Mombasa asiyeloweka sufuria ya wali mpaka asubuhi? Ni maji na chakula katika chombo kimoja, yamewekwa mezani kwa heshima zote. Sasa tunailoweka wakati tunakula, na kabla ya kulala huoshwa ikafudikizwa.

Mfereji wa jikoni ulikuwa ukidondosha. Tulikuwa tumeuzoea ule mdundo wake hata hatuusikii. Kipande cha mpira ndani yake kilikuwa kimekwisha, na kukibadilisha hakukuchukua hata robo saa. Madramu ndiyo yaliyotupa shida kubwa zaidi, kwa sababu maji kwetu huja kwa zamu na hakuna anayeweza kuacha kuhifadhi. Mifuniko tulikuwa nayo. Tatizo lilikuwa chini, pale dramu linapokaa sakafuni na jasho lake kukusanyika. Tuliyainua juu ya matofali, mwanga na hewa vikapita. Mitungi ikasogezwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja.

Katikati ya kazi hizi nilimkumbuka bibi, mama yake mama, na jiko lake la Kibokoni. Lilikuwa uani, kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, na kila magharibi ikikaribia alikuwa akifudikiza vyungu kimoja kimoja na kusema neno lake lile: "Jiko lilale kavu." Sisi wajukuu tulidhani ni mwiko tu, mambo ya mashetani ya usiku. Mama naye alikuwa amelisahau. Nilipolitaja alikaa kitako akacheka, mara ya kwanza tangu siku ya posa, akasema, "Alikuwa akinipiga kofi la mgongo nikiacha kata na maji ndani."

Wale wakubwa wa bafuni walihitaji hesabu ya kinyume. Chini ya tundu la maji kuna kona ya bomba inayotakiwa kubaki na maji siku zote. Maji yale ndiyo mlango kati ya nyumba na shimo. Tuna choo cha pili cha wageni ambacho hakitumiki, kona yake ilikuwa imekauka kabisa, na mende walikuwa wakipanda kutoka shimoni kama watu kwenye ngazi. Kwa hiyo huko nikafanya kinyume cha jikoni: kila Ijumaa namimina vikombe viwili vya maji kwenye tundu lile, na juu yake nimebana kipande cha wavu wa dirishani. Nyumba nyingi za mji huu huishia kwenye shimo la uani, si kwenye bomba la mji, basi jambo hili linawahusu wengi.

Dawa hatukuiacha kabisa. Ndugu yangu hucheza keram barazani kila usiku, na unga ule wanaoutia ubaoni ili kete ziteleze ni boriki, ile asidi ya boriki ya duka la dawa. Mende akiupita hushika miguuni, naye ni mdudu wa kujisafisha, hujilamba, akaumeza. Nilikuwa nimewahi kuujaribu mwanzoni na ukashindwa: niliumwaga chini ya sinki, siku mbili ukawa donge gumu kama chokaa. Boriki iliyolowa haimshiki mdudu. Ilipokauka sakafu ndipo ilipofanya kazi. Hunyunyizwa kidogo sana, utando usioonekana vizuri kwa macho, kwa sababu mende hulikwepa lundo. Nyuma ya friji, nyuma ya kabati, kwenye bawaba. Nyingine nilichanganya na sukari, unga wa ngano na kitunguu kilichosagwa, nikafanya vidonge vibichi nikaviweka kwenye vifuniko vya soda. Nyumba ikiwa kavu, kidonge kibichi humvuta mende kuliko kitu kingine. Hafi hapo hapo. Huenda na sumu tumboni, na wenzake hula kinyesi chake na maiti yake, nayo huenda ikawafikia hao pia. Ni sumu kwa mtoto vilevile, kwa hiyo vifuniko vyote viko mahali ambapo hata mimi natumia mwiko mrefu kuvifikisha, na tangu hapo hatupulizi kitu karibu navyo.

Wiki ya pili tulianza kuwaona wakizunguka mchana, walegevu. Mama alidhani wameongezeka akataka kurudi kwenye ndoo. Nilimsihi asubiri. Wiki ya sita chupa ya friji ilikuwa na 5. Kisha wakapanda tena mpaka 14, wengi wakiwa vitoto vidogo vyeusi, watoto wa vifuko vile vilivyobaki. Wengi hukata tamaa hapa, nami nusura nikate. Tukabadilisha vidonge, tukaendelea. Mwezi wa nne chupa zote za jikoni zikalala tupu siku 9 mfululizo.

Limebaki jambo la ukuta. Nyuma ya sinki ukuta wetu umelowa mpaka kiunoni, rangi imefanya malengelenge. Mwenye nyumba alikuwa akisema ni bahari. Kweli mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini, lakini zamani chokaa iliyaachia yatoke. Ukuta ukipigwa plasta ya saruji maji hubaki ndani hayana pa kwenda. Na kwetu palikuwa na bomba linalovuja ndani ya ukuta juu ya hayo. Ilichukua miezi minne ya simu kabla fundi hajaletwa, na mpangaji hana haki ya kuchimba ukuta usio wake. Nawaambia wenye nyumba wanaosoma hapa: bomba lile lilikuwa lenu, na aliyetukanwa kwa ajili yake ni mama yangu.

Masika yameanza wiki jana. Nimezirudisha chupa mahali pake. Leo asubuhi zile za jikoni hazikuwa na kitu, ya bafuni ilikuwa na wawili wakubwa, wenye mbawa zilizolowa mvua. Bomba la hewa la shimo, lile linalopanda ukutani nje, bado halina wavu juu. Fundi ameahidi Jumamosi, mvua ikipumua. Shangazi naye atakuja Jumapili. Mama amesema yeye mwenyewe atamfungulia lile friji kwa nyuma amwonyeshe trei.